Simuleta au barabara: dereva aliyeugua apimwe wapi?

Dereva aliyetoka kwenye kiharusi, aliyeumia kichwa kwa ajali ya honda (pikipiki) au aliyekatwa mguu kwa sababu ya sukari, akitaka kurudi kwenye usukani hapa Unguja au Pemba ana njia mbili za maana za kupimwa na moja ya kujidanganya. Naanza na hii ya kujidanganya kwa sababu ndiyo ninayokutana nayo zaidi. Baada ya sala ya alfajiri shemeji anamchukua mgonjwa mpaka uwanja mtupu au njia ya shamba isiyo na watu. Wanazunguka robo saa, gari haigongi kitu, wanarudi nyumbani na habari njema. Uwanja mtupu hauna daladala inayosimama ghafla, hauna mtoto anayekimbilia mpira, hauna vespa inayopenya kushoto. Kilichopimwa pale ni kama mtu anaweza kuzungusha usukani na kukanyaga breki, na hilo karibu kila mgonjwa anaejiweza analifanya. Udereva unaoharibika ubongo ukiumia umekaa kwengine: kuona pande zote, kugawa akili kwa mambo matatu kwa wakati mmoja, kuamua upesi, na kujua kwamba umekosea.

Njia mbili za maana ni simuleta, yaani mashine ya kuigiza uendeshaji yenye usukani, pedali na skrini, na mtihani wa barabarani ndani ya gari ya mafunzo yenye breki ya pili upande wa mwalimu. Mimi ni mtu wa fizio, yaani tiba ya viungo, na msimamo wangu nauweka mezani mapema: simuleta ni ya kufundishia na kufichulia kasoro, barabara ndiyo ya kuamulia. Anaeitumia moja mahali pa nyengine ataumia mfukoni au ataumiza mtu.

Kabla ya mashine na kabla ya barabara

Yapo maradhi ambayo simuleta haiwezi kuyapima, wala mwalimu wa skuli ya udereva. La kwanza ni kifafa. Mwenye kifafa anaweza kuendesha vizuri kuliko mimi na wewe Jumatano nzima, na Alkhamisi akaanguka karibu na soko la Mwanakwerekwe akiwa na gari imejaa watu. Hapo kipimo ni muda aliokaa bila kuanguka, basi. Uingereza wanadai miezi 12 kwa gari ya nyumbani, na kwa basi au lori miaka 10 bila kuanguka na bila kutumia dawa za kifafa. Kwa kiharusi, mwenye gari ndogo anazuiwa mwezi 1, dereva wa basi au lori mwaka 1. Sheria hizo ni zao. Nazitaja mara nyingi kwa madereva wa daladala na wa gari za watalii kwa sababu zinaonesha wazi kwamba anaebeba roho za watu hapimwi kwa mizani moja na anaejipeleka dukani.

La pili ni macho. Kuna mgonjwa wa kiharusi atakayekwambia jicho lake la kushoto halioni, kumbe macho yote mawili yamepoteza nusu ile ile ya kushoto. Akifunga jicho moja moja utaligundua. Huyo aende kwa daktari wa macho apimwe upana wa kuona. Uingereza wanataka usiopungua digrii 120 kwa ulalo. Akiwa chini sana ya hapo, kumlipia simuleta ni kupoteza fedha.

La tatu ni sukari inayoshuka ghafla. Mgonjwa wa sukari anaefunga Ramadhani, anaetumia insulini, na anaendesha kwenye zile dakika za mwisho kabla ya futari ambapo kila mtu anakimbilia nyumbani, tatizo lake linatatuliwa kwa daktari na kwa kile kipimo cha kidole. Tende mfukoni zitamsaidia kuliko mashine yoyote.

Baada ya daktari huja vipimo vya mezani. Vinatumia karatasi, kalamu na saa. Mgonjwa anachora saa ya ukutani. Mwenye tatizo la kupuuza upande wa kushoto, yaani ubongo wake hauushughulikii tena upande huo, anazijaza namba zote kulia. Kingine kinamtaka aunganishe namba na herufi kwa kupokezana, 1 na A, 2 na B, mpaka mwisho. Ukizidi dakika 3 ni alama ya hatari katika miongozo ya Marekani. Wataalamu wa Nottingham, Uingereza, Nouri na Lincoln, waliunda vipimo mahususi kwa madereva waliopata kiharusi: kufuta nukta, kupanga magari yanayokwenda pande mbali mbali, na kulinganisha alama za barabarani na hali zake.

Vipimo hivi ni rahisi na vina faida, ila visomwe kwa busara. Wako wazee wetu wanaosoma msahafu bila kigugumizi lakini A, B, C wanaikokota. Mzee wa namna hiyo akichukua dakika 5 kuunganisha namba na herufi, umempima skuli aliyosoma, hukumpima ubongo wake. Mimi hapo hutaka kujua zaidi: anakula wali wa upande mmoja tu wa sahani? Ananyoa ndevu shavu moja? Anajigonga bega la kushoto kila akipita mlangoni? Mke wake anayajua majibu hayo kabla yangu.

Simuleta inaweza nini ambacho barabara haiwezi

Jambo la kwanza ni hatari kwa kuagizia. Huwezi kumwambia mtoto wa watu avuke mbio mbele ya gari ili uone kama mgonjwa wako atafunga breki. Kwenye simuleta mtoto anavuka unapotaka, kwa kasi unayotaka, na akigongwa hakuna msiba. Unaweza kumrudia mgonjwa yule yule kwa njia ile ile na mvua ile ile wiki ijayo ukaona amesogea kiasi gani. Barabara ya Darajani haiwezi kukufanyia hivyo. Leo kuna meli ya watalii, kesho ni sikukuu, keshokutwa lori la mchanga limekufa katikati ya njia.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Mashine inaandika gari iliyumba kiasi gani kutoka katikati ya njia, breki ilikanyagwa baada ya muda gani, kasi ilipanda wapi. Mwalimu hata awe hodari vipi anaona na kukumbuka sehemu tu.

La tatu ndilo ninalolithamini kuliko yote, na halimo kwenye vipeperushi vya wauzaji. Kiharusi, khasa cha upande wa kulia wa ubongo, kinaweza kumuondolea mtu kujua kwamba ana kasoro. Anakataa kwa moyo safi kabisa, hadanganyi. Na kwetu nani atamwambia baba aache gari? Mtoto mkubwa anaona haya, mke anaogopa maneno, ndugu wa Pemba wakija wanasema muacheni mzee wa watu.

Nilikuwa nyuma ya dereva mmoja wa daladala wa miaka mingi, kiharusi kimempitia, kwenye simuleta ya mezani. Kushoto mwa skrini kulikuwa na gari imeegeshwa, na nyuma yake akatoka mtoto. Mzee akapita naye kama anapita na hewa.

“Babu, umemuona yule mtoto?”

“Mtoto yupi, mwanangu? Barabara ilikuwa nyeupe.”

Nikamrudishia picha. Akaitazama. Akaomba aione tena, safari hii akiwa ameinama karibu na skrini na kidole chake cha shahada kikifuata ile gari iliyoegeshwa. Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni kimya. Mzee hakumtazama, akasema tu, “Funguo kaa nazo wewe kwanza.” Mabishano ya miezi yakaisha bila mtoto kumvunjia baba yake heshima. Barabarani kosa kama lile lingemalizwa na breki ya mwalimu, na mzee angesema mwalimu kaingilia bure.

Faida ya nne ni kuanza mapema. Mtu ambaye bado hawezi kutolewa barabarani anaweza kukaa kwenye simuleta dakika chache akajifunza upya kupeleka macho kushoto kwa makusudi, au kuzoea kukanyaga mafuta kwa mguu wa kushoto. Aliyeponea ajali mbaya na sasa anatetemeka akisikia honi naye anafaidika: unampa njia tupu kwanza, kisha gari mbili, kisha msongamano.

Ushahidi unasemaje

Uzito wake ni wa wastani, na anaeuza mashine hatakwambia hivyo. Jaribio linalotajwa zaidi lilifanyika Ubelgiji, Leuven, likatolewa mwaka 2005 na Abiodun Akinwuntan na wenzake. Wagonjwa 83 waliopata kiharusi kwa mara ya kwanza waligawiwa kwa kura: wengine wakafanya mazoezi ndani ya simuleta, wengine mazoezi ya akili ya mezani, masaa 15 kwa jumla ndani ya wiki 5. Baadae waliofuatiliwa wakapimwa rasmi, na wa simuleta walioruhusiwa kurudi kuendesha walikuwa asilimia 73, dhidi ya asilimia 42 ya wenzao. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini waliofaidika zaidi ni wenye elimu kubwa na ulemavu mdogo, na walipofuatiliwa tena baada ya miaka 5 pengo kati ya makundi mawili lilikuwa limepungua kiasi cha kutoweza kutegemewa kitakwimu.

Mwaka 2014 mapitio ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya majaribio yote yanayofaa kuhusu kumrudisha mgonjwa wa kiharusi kwenye usukani. Yakapatikana 4 tu, yenye watu 245 kwa jumla, na wakaguzi wakasema ushahidi hautoshi kutoa hukumu. Ndiyo maana mtu akiniambia simuleta imethibitishwa, namuuliza imethibitishwa kwa nani na kwa lengo gani.

Simuleta inapokosea

Hapa nataka msomaji atulie kidogo, kwa sababu kosa la kwanza ni letu sisi wa kisiwani na halimhusu mtu wa Leuven.

Mashine nyingi na programu nyingi zimetengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, usukani kushoto. Sisi tunaendesha kushoto, usukani kulia. Kwa mtu mzima wa afya hilo ni usumbufu wa dakika chache. Kwa mgonjwa anaepuuza upande wa kushoto ni kipimo kilichopinduka. Kwenye barabara ya Ulaya au Marekani, kushoto kwa dereva kuna mstari wa katikati na gari zinazokuja. Kwetu, kushoto ndiko kwenye ukingo wa lami: watembea kwa miguu, baskeli, gari ya ng'ombe, wanafunzi wa madrasa na mikoba yao, daladala iliyosimama kupakia. Mgonjwa huyu kwenye simuleta ya kulia atajikuta anaparamia gari zinazokuja, na utaandika kosa hilo. Kosa ambalo litaua mtu Fuoni au Bububu hutaliona kabisa. Hata zamu ya kuingia kwenye mzunguko inabadilika: kwetu unampisha anaetoka kulia, kwao anaetoka kushoto. Kwa hiyo suali la kwanza kwa mwenye simuleta, kabla ya bei, ni kama inaweza kugeuzwa iendeshe kushoto. Kama haiwezi, kwa mgonjwa wa aina hii mimi siitaki hata kwa bure.

Indiketa nazo ni hivyo hivyo. Gari nyingi tunazopanda zimetoka Japani na kijiti cha indiketa kiko mkono wa kulia. Aliyepooza mkono wa kulia anakutana na tatizo hilo kila kona, na usukani wa kimarekani wa kwenye mashine utamficha.

Kosa la pili ni upana wa skrini. Televisheni moja mezani inaonesha kipande chembamba cha dunia mbele ya dereva. Mtu aliyepoteza nusu ya kuona anaweza kuipitia yote kwa jicho kwa urahisi na kufaulu. Skrini tatu zilizopinda kumzunguka ndizo zinazomlazimisha kugeuza shingo kama atakavyolazimika njia panda ya Kiembe Samaki. Miwani ya uhalisia pepe ina upana kwa kugeuza kichwa, lakini ni nzito kwa shingo dhaifu na kichefuchefu chake ni kibaya zaidi, kwa hiyo kwa mgonjwa aliyeumia kichwa au shingo mimi huiweka mwisho.

Kichefuchefu chenyewe ndicho kosa la tatu. Aliyepanda boti ya Pemba wakati wa kusi na kukaa ndani bila ya dirisha anaujua: sikio la ndani linasema tunakwenda, jicho linasema tumesimama. Simuleta inafanya kinyume chake, jicho linakwenda na mwili umekaa, na tumbo linalalamika vile vile. Wazee huumia zaidi ya vijana, na mizunguko na kusimama ghafla ndiyo inayochochea. Anza na njia nyooka, dakika 5 kisha mapumziko, washa feni imuelekee usoni, na asije akiwa ametoka kula biriani la Ijumaa. Akianza kutoka jasho jembamba au kupiga miayo, simamisha. Matokeo ya mtu anaeona kichefuchefu hayana thamani yoyote, na asiruhusiwe kujiendesha kurudi nyumbani siku hiyo.

La mwisho: wapo wanaoshindwa simuleta bila kosa la udereva. Mzee ambaye hajawahi kugusa kompyuta anaona usukani mwepesi, breki isiyo na uzito, gari isiyotikisika kwenye matuta. Anaendesha vibaya kwa sababu haamini anachokiona. Mpe muda wa kuzoea bila kuandika chochote. Akiendelea kushindwa vile vile, mpeleke barabarani kabla hujamhukumu. Kijana aliyekulia kwenye michezo ya kompyuta ana hatari ya upande wa pili: atang'ara kwenye skrini na bado awe hafai.

Barabara, na namna ya kuipanga

Mtihani wa barabarani ndio unaochukuliwa kote kuwa kipimo cha mwisho, na sababu ni nyepesi: ndiyo kazi yenyewe. Lakini wengi wanaufanya ovyo.

Watu wawili wanahitajika pamoja na mgonjwa. Mwalimu anakaa mbele na mguu wake karibu na breki ya pili, kazi yake ni usalama tu. Mwengine, mtu wa fizio au mtaalamu wa tiba kwa kazi (anaemfundisha mgonjwa kuzimudu tena shughuli zake za kila siku), anakaa nyuma na karatasi. Ndugu wabaki nyumbani. Ndugu akiwemo ndani ya gari atasema “angalia kushoto” bila kujijua, na kwa mgonjwa anaepuuza kushoto neno hilo moja limeharibu kipimo chote.

Dakika 45 mpaka saa nzima inatosha. Anza mitaa iliyotulia kama Mazizini au Mbweni, ingia barabara kubwa, pita penye mzunguko, malizia kwenye watu wengi Darajani au Mwanakwerekwe. Pemba mimi ningetaka kipande cha njia ya Chake Chake kwenda Mkoani, kwa vile kona na milima yake inadai mguu wenye hesabu kuliko sehemu nyingi za Unguja, kisha mjini Chake siku ya kazi. Mpe maelezo ya hatua mbili kwa mara moja, “ukifika msikitini pinda kushoto, halafu simama karibu na duka la kwanza”, uone kama la pili linabaki kichwani. Kwa aliyepata shida ya kusema au kufahamu maneno baada ya kiharusi, tumia ishara ya mkono. Usimfelishe kwa Kiswahili chako.

Kuna mtego hapa ambao simuleta haina. Dereva aliyeendesha njia moja kwa miaka 30 anaweza kuipita njia hiyo kwa mazoea tu. Mwili unaijua kona, unajua tuta liko wapi, unajua wapi utingo atapiga bodi. Ukimpima kwenye njia yake ya zamani atafaulu na utasaini. Siku anayopangiwa kwenda Nungwi, au Paje kwa kupitia msitu wa Jozani, kwenye matuta na vile vima vinavyovuka bila ya taarifa, ndipo upungufu unapojitokeza. Kwa hiyo angalau nusu ya mtihani iwe kwenye njia asiyoijua. Kwa dereva mkongwe wa namna hii simuleta yenye barabara ngeni inafichua mambo ambayo mtaa wake mwenyewe unamsitiria.

Kasoro kubwa za barabara ni mbili: huwezi kuipanga, na makosa yake yana damu. Ndiyo maana sikubali mgonjwa ambaye vipimo vya mezani vimetoka vibaya sana apelekwe moja kwa moja, hata akisisitiza.

Basi nani aende wapi?

Aliyekatwa mguu, aliyepooza kuanzia kiunoni kwa kuumia uti wa mgongo, au mwenye mkono mmoja, na ubongo wake ni mzima: usimpotezee muda kwenye skrini. Tatizo lake ni gari. Gari yenye gia za otomatiki, kirungu cha kuzungushia usukani kwa mkono mmoja, pedali ya mafuta iliyohamishiwa mguu wa kushoto, au mkono wa kusukuma kwa breki na kuvuta kwa mafuta. Afungiwe vifaa hivyo na fundi anaejua anachofanya, kisha aende kwa mwalimu. Simuleta kwake ni mazoezi ya siku chache tu ya kuuzoeza mguu mpya, kama ipo karibu. Pedali iliyohamishwa iwe ya kukunjika, maana siku mdogo wake akiichukua gari ile bila kujua, mguu utakwenda pasipo.

Kiharusi kidogo, mkono na mguu vimerudi, vipimo vya mezani vizuri, macho mazima, ni gari ya nyumbani: daktari akiridhika, barabara moja kwa moja.

Kiharusi cha kulia cha ubongo chenye dalili yoyote ya kupuuza kushoto, kuumia kichwa kwa ajali ya honda na akili imekuwa nzito, au anaekataa katakata kwamba ana kasoro: simuleta kwanza, ya kuendesha kushoto na yenye skrini pana, kwa wiki kadhaa za mazoezi, ndipo barabara. Hapa ndipo fedha ya simuleta inapojilipa.

Dereva wa daladala, wa gari ya watalii, wa lori: yote mawili, tena mtihani wa barabarani ufanywe na gari ya ukubwa anaotumia kazini. Abiria anaegombania chenji, utingo anaepiga kelele na honi ya nyuma ni sehemu ya kazi yake, na gari ndogo iliyotulia haimpimi kwa hayo. Mwenye gari naye asome masharti ya bima kabla ya kumkabidhi funguo, aone yanasemaje kuhusu dereva aliyekuwa na maradhi.

Mwenye kifafa au sukari inayoshuka: hakuna hata moja mpaka daktari aseme.

Kama wewe ndiye unaenunua

Zahanati au skuli ya udereva ikiniomba ushauri, siwapeleki kwenye mashine kubwa zinazotikisika kama ile ya Chuo Kikuu cha Iowa. Hizo ni za utafiti na bei yake haituhusu. Usukani mzuri wa michezo ya kompyuta wenye pedali za chuma, skrini tatu, kiti cha gari kilichotolewa kwenye gari mbovu na programu ya udereva inayokubali kuendesha kushoto vinatosha kwa mazoezi ya mgonjwa. Kwa kipimo rasmi kinachoandikwa kwenye faili la hospitali nunua ya kitabibu, kwa sababu programu ya mchezo haitoi namba unazoweza kuzitetea mbele ya mtu. Muulize muuzaji kama pedali ya mafuta inahamishika kushoto, kama ripoti inachapishika, kama maelezo yanaweza kurekodiwa kwa Kiswahili, na nani atakuja kuitengeneza ikiharibika. Nunua na betri ya akiba. Aliyekuwepo Unguja Mei 2008, au ile miezi 3 ya giza kuanzia Disemba 2009, haniulizi kwa nini. Na mgonjwa aliyezoea kuchanganyikiwa hapaswi kuzimikiwa skrini akiwa katikati ya kona.

Kwa mgonjwa wa Pemba ambaye simuleta iko ng'ambo ya maji, ningepanga hivi: daktari na vipimo vya mezani vifanywe huko huko, asafirishwe kwa boti pale tu vinapotoka na shaka. Vikitoka vizuri, apimwe barabarani Pemba. Vikitoka vibaya sana, asubiri, arudiwe baada ya miezi 2 au 3, kwani ubongo bado unajitengeneza na safari ya sasa itamletea jibu lile lile kwa gharama kubwa zaidi. Akishindwa barabarani mara ya kwanza, mpimaji amuandikie makosa kwa jina na mahali yalipotokea, arudi nayo kwenye simuleta kuyafanyia kazi hayo tu, na mara ya pili apimwe na mtu mwengine asiyejua alishindwa wapi.